Malalamiko Yenye Adabu: Solomon Linda, Waimbaji Wake, na Lawama katika Nyimbo za Wazulu



Sidhani kama upo wimbo mwingine uliotungwa na mwana wa Afrika ambao umetembea nchi nyingi kuliko ule wimbo wa simba, uliotiwa katika santuri mjini Johannesburg mwaka 1939 na kundi la vijana wa Kizulu lililojiita Original Evening Birds, yaani Ndege wa Jioni wa Asili, ambalo kiongozi wake alikuwa Solomon Linda. Watoto wa Marekani huuimba shuleni bila ya kujua umetoka wapi. Filamu ya katuni ya mwaka 1994, The Lion King, iliuingiza katika nyumba ambazo hazijapata kulisikia jina la Zululand. Na mimi mwenyewe nimepata kuusikia ukipigwa katika harusi, bibi harusi akiingia, jambo ambalo sijui kama bwana harusi alilipima vyema. Lakini simba huyo amekwisha kupata wasimulizi wa kutosha. Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya wimbo mwingine wa kundi hilohilo, uliorekodiwa na kampuni ileile ya Gallo takriban katika miaka ileile, ambao haukuvuka bahari, haukuleta utajiri wala mashtaka, na ambao kwa kadiri ya maoni yangu ndio unaotufundisha zaidi hali ya watu wale na akili yao. Jina lake ni Yethul' isigqoko, maana yake ni Vua Kofia.

Hoja nitakayoishikilia ni hii: kwamba Wazulu katika nyimbo zao wana namna maalumu ya kuwalaumu wakubwa, nayo ni kulaumu kutoka ndani ya adabu. Mlalamikaji hajitengi na desturi ili aipigie kelele kutoka nje. Huingia katika taratibu zilezile za heshima, katika salamu, katika kutaja sifa, katika kuvaa vizuri, katika kuuliza na kuulizwa ukoo, akazitimiza kikamilifu, na katika kule kuzitimiza akamwonyesha mkubwa jinsi alivyozivunja yeye. Mgeni asiyeijua namna hiyo huzisikiliza nyimbo hizo akadhani amestareheshwa, akapiga makofi, akaenda zake.

Asili ya jambo hili ni ya zamani kuliko santuri. Katika baraza ya wafalme wa Kizulu alikuwako mtu aitwaye imbongi, ambaye kazi yake ilikuwa kuzisoma kwa ghaibu sifa za mfalme na za mababa zake, kwa sauti ya haraka isiyoacha nafasi ya kuvuta pumzi, huku akitembea mbele ya hadhara huku na huku. Magolwane wa Mkhathini, aliyekuwa imbongi wa Dingane, ndiye mashuhuri kuliko wote. Sasa mtu anayelisikia neno sifa hufikiri kwamba imbongi alikuwa msifu wa kulipwa, wa aina ile tuliyoizoea sote katika mikutano ya siasa, la hasha. Sifa za mfalme zilikuwa na ushindi wake na ukatili wake pia, mali aliyoteka na ndugu aliowaua, na yote hayo yalitajwa mbele ya uso wake na mbele ya majeshi yake, naye hakuwa na ruhusa ya kukasirika, kwa sababu aliyesema hakusema kwa nafsi yake bali kwa cheo chake. Sisi tuliokulia katika mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa tunajua lawama inayojificha ndani ya fumbo, ambayo mlengwa huifumbua nyumbani usiku akakosa usingizi. Imbongi hafumbi. Hulitaja jambo waziwazi, lakini hulitaja katika safu moja na mambo ya fahari, kwa pumzi moja, hata mfalme akitaka kuikataa lawama hana budi kuikataa na sifa.

Dola hiyo ilivunjwa na Waingereza katika vita vya 1879, na ingawa mabaraza ya wafalme yalipoteza nguvu, desturi ya imbongi ilibaki vijijini, ambako ilikutana na madhila ya aina mpya. Solomon Linda alizaliwa mwaka 1909 karibu na Pomeroy, katika wilaya ya Msinga, nchi ya mabonde makavu na mawe mengi kuliko udongo. Yafaa kuukumbuka mwaka huo. Miaka 3 kabla yake serikali ya koloni la Natal ilikuwa imewatoza vijana wasiooa kodi ya kichwa ya pauni 1, juu ya ile kodi ya kibanda waliyokuwa wakilipa baba zao, na Bambatha wa Mancinza, mkuu wa Wazondi karibu na Greytown, ambako ni jirani na Msinga, aliinuka kwa silaha, akakimbilia katika misitu ya Nkandla, na huko katika korongo la Mome watu wake wakakatwa kwa mizinga mwezi wa Juni 1906. Waliouawa katika ghasia ile walizidi 3,000. (Nasema kwa kupita tu kwamba mwaka uleule wa 1906 wakuu wa Wangoni walinyongwa Songea na Wajerumani, katika vita vya Majimaji, nao Wangoni wale ni wajukuu wa watu waliotoka na Zwangendaba katika nchi zizo hizo za kusini, ndugu hawa walioachana kwa miongo mingi walikutana tena katika msiba mmoja bila ya kupata habari zao.) Kisha mwaka 1913, Linda akiwa mtoto mdogo, ikapitishwa Sheria ya Ardhi, iliyowakataza Waafrika kununua au kukodi ardhi nje ya sehemu walizotengewa, ambazo jumla yake ilikuwa kiasi cha asilimia 7 ya nchi nzima.

Lawama ya kwanza iliyoimbwa juu ya sheria hiyo haikutoka kwa wachunga ng'ombe. Ilitoka kwa mwalimu wa shule, Reuben Caluza, mzaliwa wa Edendale karibu na Pietermaritzburg, aliyefundisha katika shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa African National Congress. Caluza alitunga wimbo wa kwaya juu ya Sheria ya Ardhi, ukapendwa hata chama kikaufanya kuwa wimbo wake wa mikutanoni. Alitunga na mwingine juu ya homa kuu ya mafua ya mwaka 1918. Mwanamuziki huyu alikuwa mtu wa tai na mwendo wa taratibu, na kwaya yake ilisimama wima kama kwaya za kanisani, ikaimba msiba wa taifa kwa sauti nne zilizopangwa vizuri. Mwaka 1930 yeye na wenziwe walichukuliwa London na kampuni ya His Master's Voice, wakarekodi nyimbo 150. Kampuni hiyo, yenye alama ya mbwa aliyeinamia gramafoni, ndiyo iliyomrekodi Siti binti Saad wa Unguja mjini Bombay mwaka 1928. Kwa hiyo katika muda wa miaka 2 wafanyabiashara walewale waliuza malalamiko ya Unguja na ya Natal, pasipo shaka bila ya kufahamu maana ya yaliyomo, maadamu santuri zilinunuliwa.

Linda alisoma katika shule ya misheni ya Gordon Memorial huko Msinga, akajifunza humo nyimbo za dini na nyimbo za kuigiza Wamarekani weusi, ambazo zilikuwa zimeenea Afrika ya Kusini tangu waimbaji wa Orpheus McAdoo walipozuru nchi hiyo mwaka 1890. Mwaka 1931 alikwenda Johannesburg, kama walivyokwenda vijana wote wa kwao ambao ng'ombe wa baba zao hawakutosha mahari na mashamba ya baba zao hayakutosha chakula. Alifanya kazi katika duka la samani, akaimba katika kwaya ya jamaa zake wa ukoo wa Madondo iliyoitwa Evening Birds. Kwaya hiyo ilipovunjika mwaka 1933 aliajiriwa katika hoteli ya Carlton, akaunda kundi lake mwenyewe, akalihifadhi lile jina. Wote waliokuwamo walikuwa watu wa Pomeroy: Gilbert Madondo, Boy Sibiya, Gideon Mkhize, Samuel Mlangeni na Owen Sikhakhane. Linda mwenyewe alishika sauti ya juu kabisa, nyembamba, ya kupaa. Madondo na Sibiya walishika sauti za kati. Na wale watatu waliosalia walikuwa wote wa sauti ya chini kabisa. Hilo la kuweka besi tatu chini ya sauti moja ya juu lilikuwa jambo geni, nalo ndilo lililoupa muziki wao kishindo ambacho kwaya za shuleni hazikuwa nacho, kwa sababu ni desturi ya ngoma za Kizulu kwamba mmoja huanza na umma humjibu, na umma haujibu kwa unyonge.

Nao walivaa. Hili silitaji kwa ajili ya kupamba maneno. Evening Birds walijulikana mjini kwa suti zao za mistari za namna moja, kofia zao za mviringo, na viatu vya rangi mbili vilivyong'arishwa hata mtu akaweza kujiona. Vijana hao mchana walikuwa wabeba mizigo, wafagiaji na watumishi wa hotelini, wakiitwa "boi" na watoto wadogo wa mabwana zao. Usiku wa Jumamosi walitoka katika mabweni ya wafanyakazi, ambamo wanaume kwa mamia walilala bila ya wake wala watoto, wakakusanyika katika ukumbi kushindana kuimba hata alfajiri. Katika mashindano hayo palikuwa na ada moja ya ajabu ambayo imesimuliwa mara nyingi na waimbaji wenyewe: hakimu wao alikuwa Mzungu, tena aghalabu Mzungu yeyote aliyeokotwa njiani usiku ule, asiyemjua mtu hata mmoja pale wala neno moja la Kizulu. Sababu waliyoitoa ni kwamba mtu huyo hana upendeleo. Hamjui nani ametoka Msinga na nani ametoka Ladysmith. Sababu hiyo ni ya haki, nami naikubali. Lakini tuitazame natija yake. Hakimu asiyejua lugha atahukumu sauti, mpangilio, hatua za miguu na unadhifu wa mavazi; maneno yatampita kama upepo. Basi katika ukumbi ule waliweza kumwimbia Mzungu malalamiko juu ya serikali ya Wazungu, naye akawazawadia mbuzi kwa uzuri wa malalamiko hayo. Sina ithibati kwamba walilikusudia hilo, wala sitawazulia. Nasema tu kwamba nafasi ilikuwapo, na watu wenye akili hawaikosi nafasi iliyo mbele yao.

Sasa nije katika Vua Kofia, nami nitaomba subira yenu, kwa kuwa hapa sitaki kupita haraka.

Wimbo huo unaigiza jambo lililompata kila mwanamume Mwafrika wa Johannesburg: kusimamishwa mbele ya karani au askari wa ofisi ya pasi. Pasi ile ni ndugu wa kipande walichofungwa shingoni wenzetu wa Kenya. Asiyekuwa nayo hakuwa na haki ya kuwa mjini, na aliyekuwa nayo ilimlazimu kuionyesha popote alipoulizwa, njiani, kazini, hata kitandani. Waimbaji wanajitia katika sura ya mwenye kuhoji, na kwanza wanamwamrisha yule mtu aondoe kofia kichwani. Kisha yanafuata maswali, moja baada ya moja, bila ya kungoja majibu: anaulizwa jina lake la nyumbani, anaulizwa baba yake, anaulizwa mkuu wa nchi yake, anaulizwa kodi huilipia wapi, na mwishowe anaulizwa jambo ambalo mtu wa mjini angelidhani ni mzaha, yaani mto gani anaokunywa maji yake. Baada ya hapo sauti zinageuka, na lile kundi lililokuwa likihoji linakuwa kundi linalolia, likiililia nchi ya baba zao.

Mwandishi mmoja mvivu angesema kwamba wimbo huu unaeleza ukali wa polisi, akafunga daftari lake. Lakini tuyatazame yale maswali. Katika nchi ya Kizulu, kama ilivyo katika miji yetu ya pwani, mgeni akifika hukaribishwa, hupewa maji, hukaa, na baada ya kupumzika huulizwa: jina lako nani, baba yako nani, mkuu wenu nani, mmetoka upande wa mto gani? Mto ni swali la kweli, kwa sababu nchi ile yote imegawanywa na mito, na aliyekutajia mto wake amekutajia majirani zake, malisho yake na makaburi yake. Akisha kujitaja, mwenyeji humtamkia jina la sifa la ukoo wake, na kwa tamko hilo moja mgeni huwa mtu, huwa na watu nyuma yake, na ndiyo heshima kubwa kuliko maziwa na nyama. Maswali ya ofisi ya pasi ni hayohayo. Hakuna hata moja lililozuliwa. Serikali ilipotaka kumjua mwenyeji wake kwa ajili ya kodi na kufukuza, iliyachukua maswali ya mwenye nyumba, ikayatia katika kinywa cha karani aliyeketi, na anayeulizwa akasimama. Ikayauliza bila ya maji, bila ya kiti. Na jawabu lilipotolewa, badala ya jina la sifa palifuata muhuri. Halafu kati ya maswali yale ya jadi likapenyezwa moja tu lisilo la jadi, lile la kodi, nalo ndilo lililokuwa likitafutwa tangu mwanzo.

Linda hakulieleza jambo hili. Aliliweka tu katika utaratibu wake, kila swali mahali pake, na kila Mzulu aliyeisikia santuri ile alijua kitu gani kimepunguzwa. Hiyo ndiyo niliyoiita lawama kutoka ndani ya adabu. Angeliweza kutunga wimbo wa kumtukana karani, na pengine wenziwe wangelicheka, na santuri ingelipigwa marufuku. Alichofanya ni kumrudia karani maneno yake mwenyewe kwa sauti nzuri sana, ili isikike kwamba mtu huyo, pamoja na meza yake na kalamu yake, hakulelewa.

Na wale waliokuwa wakiimba juu ya kuvuliwa kofia walikuwa wamezivaa kofia zao. Yawezekana ni sadfa. Lakini mimi siamini kwamba watu sita waliozitunza nguo zao kiasi kile, katika mji ambao serikali iliwataka wajulikane kwa makaratasi, hawakuliona hilo. Kofia nzuri juu ya kichwa cha mfagiaji ilikuwa ni jawabu, na lilitolewa kila Jumamosi.

Juu ya wimbo wa simba nitasema machache, kwani nimekwisha kusema kwamba wasimulizi wake wanatosha. Linda wakati ule alikuwa mfungaji wa santuri katika kiwanda cha kampuni ya Gallo, na ndipo kundi lake likaitwa studioni, ambako Griffiths Motsieloa, mtayarishaji Mwafrika, aliwasimamia. Mara ya kwanza haikufaa, na ya pili pia. Wakaletwa wapigaji wa piano, gitaa na banjo, wakaanza ya tatu, na katika hiyo Linda, katika dakika zake za mwisho, akaipandisha sauti akazua kwa ilhamu ule mkato wa sauti ambao baadaye ulipewa maneno ya Kiingereza na kuimbwa duniani kote. Santuri inasemekana iliuzwa kufikia 100,000 kabla ya muongo uliofuata kumalizika. Kundi la The Weavers la Marekani liliutoa kwa jina la Wimoweh, na mwaka 1961 vijana wa The Tokens wakaupandisha hadi nafasi ya kwanza nchini mwao. Mwenyewe aliyetunga alipewa shilingi 10 akaziacha haki zake kwa kampuni. Alikufa mwaka 1962 kwa maradhi ya figo, maskini, na kaburi lake lilikaa miaka 18 bila ya jiwe. Ilikuwa mpaka mwaka 2006 ndipo binti zake walipopata mapatano ya kulipwa, baada ya mwanasheria Owen Dean kuifufua ibara iliyosahauliwa ya sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, inayorudisha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufa. Wako wanaotaka kuona ndani ya simba yule mfalme wa Kizulu aliyelala na siku moja ataamka. Mimi naona ni simba, wa aina ile aliyewafukuza wachunga ndama wa Msinga, na sioni aibu kwa mtunzi kuwa na wimbo mmoja wa utotoni usiolaumu mtu. Lawama ya wimbo huo haimo ndani yake. Imo katika ile risiti ya shilingi 10.

Baada ya Linda namna hii ya uimbaji iliingia katika ukimya wa kadiri fulani, nao haukuja wenyewe. Tangu mwaka 1960 serikali ya ubaguzi ilikuwa na idhaa yake kwa ajili ya Waafrika, Radio Bantu, ambayo ilizipa kwaya hizi kipindi maalumu, ikawafanya waimbaji mashuhuri mpaka vijijini, na kwa mkono wa pili ikakagua kila neno kabla halijapita hewani. Waimbaji wakajifunza kuimba juu ya nyumbani, juu ya dini, na juu ya ndoto. Ladysmith Black Mambazo wa Joseph Shabalala walitokea katika zama hizo, na ulaini wa mwendo wao, wa kukanyaga kwa ncha za vidole, umewateka wasikilizaji wa mabara yote. Siwadharau hata kidogo. Lakini ni kundi lililolelewa na redio, na ulaini ule una historia yake.

Lawama ilihamia kwingine, kwa wapiga magitaa, watu wa maskandi. Hawa walikuwa waimbaji wa kutembea, waliolipiga gitaa kwa vidole njiani kutoka kijijini hadi stesheni, na kutoka stesheni hadi bwenini. Bingwa wao wa kwanza kwenye santuri alikuwa John Bhengu, aliyezaliwa Nkandla mwaka 1930, katika nchi ileile ambayo vita vya Bambatha viliishia, akajipatia jina katika mashindano ya mitaa ya Durban, na baadaye akajulikana kwa jina la Phuzushukela. Wenzetu wa Katanga wanaoimba kwa Kiswahili hawako mbali na habari hii: Hugh Tracey, aliyezunguka akirekodi ngoma za Wazulu na za machimboni, ndiye aliyemrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, yaani Likasi ya leo, mwaka 1952, na santuri za Mwenda ziliuzwa na kampuni ileile ya Gallo, hata mpiga gitaa wa Durban na wa Likasi waliweza kusikilizana bila ya kuonana.

Muundo wa wimbo wa maskandi unastahili kuangaliwa. Kwanza mpigaji hufungua kwa mchirizo wa noti za haraka, kama mtu anayebisha hodi, ili ijulikane gitaa limefungwa sauti gani. Kisha huja wimbo wenyewe na mwitikio. Halafu, katikati, ala zikiendelea, mwimbaji huacha kuimba akasema, kwa ule mwendo wa imbongi usiovuta pumzi: hutaja jina lake, baba yake, ukoo wake, mkuu wa nchi yake, mlima wa kwao na mto wa kwao. Mnaliona jambo lililotokea. Orodha ni ileile ya ofisi ya pasi, ila hakuna aliyeuliza. Mtu anajitaja mwenyewe, amesimama, gitaa mkononi, kwa haraka ambayo karani hawezi kuiandika. Na kodi haimo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kodi ilirudi katika wimbo, lakini ikamlenga mtu mwingine. Zibokwakhe Mnyandu wa KwaDumisa, kusini ya Durban, anayejulikana kwa jina la Phuzekhemisi, alitoa pamoja na ndugu yake Khethani wimbo uitwao Imbizo, ambalo ni jina la baraza inayoitishwa na mkuu wa nchi. Ili uzito wake ueleweke, lazima ikumbukwe kwamba Sheria ya Mamlaka za Kibantu ya mwaka 1951 iliwageuza wakuu wale kuwa watumishi wa serikali, wakalipwa nayo, wakafukuzwa nayo, na aliyekataa akapatikana ndugu yake wa kukubali. Mkuu aliyekuwa akiita baraza kusikiliza kesi na kugawa mashamba akawa anaiita ili atangaze mchango: mchango wa hiki, ada ya kile, hata kodi ya mbwa, na mbwa huyo ni wa mchunga mbuzi asiyejua shilingi itatoka wapi. Phuzekhemisi aliimba kwamba wamechoka kuitwa kwa ajili ya pesa. Wimbo ulishikwa na watu wa mashambani katika Natal yote, ukaimbwa na watu waliokuwa wakienda katika mabaraza hayohayo, na wakuu wakausikia katika redio za wake zao.

Wako waliosema kwamba alikosa heshima. Shutuma hiyo naiona nyepesi. Mtu aliyesimama katikati ya wimbo wake akamtaja baba yake, akautaja mto wake, akamtaja na mkuu wake kwa jina na kwa sifa za ukoo wake kama inavyotakiwa, amekwisha kulipa heshima yote iliyo juu yake. Kilichobaki ni deni la upande wa pili, naye alikuwa akilidai mbele ya mashahidi. Magolwane alimdai Dingane kwa njia hiyo. Tofauti ni kwamba Dingane alikuwa amekaa mbele yake na hakuweza kuondoka, ambapo mkuu wa KwaDumisa angeliweza kuizima redio. Lakini jirani yake alikuwa nayo, na jirani wa jirani yake, na kodi ya mbwa haikuwa siri ya mtu.